Vijisamaki vya Mikokoni na Shingo ya Dada

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kulea samaki wa kuuawa. Watu wakiniuliza nafanya nini pale ufukweni, nikiwajibu hivyo, walicheka wakidhani natania. Sitanii. Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nikitoka kwetu Kiponda, Unguja mjini, kila asubuhi mpaka jumba moja la zamani linalotazama bahari. Ndani ya jumba hilo mlikuwa na maabara, na ndani ya maabara mlikuwa na rafu zilizopangwa vibakuli vya kioo. Kila kibakuli kina samaki wake mmoja, mdogo kuliko kidole changu cha mwisho, rangi ya matope, na macho ya kushangaa.

Hawakuwa samaki wa kwetu. Mtaalamu wetu, Mpemba mmoja mpole ambaye sauti yake huisikii mpaka umsogelee, alikwenda kusoma mbali akarudi nao ndani ya chupa. Huko walikotoka wanaishi kwenye mikoko, na maji ya chumvi na yasiyo ya chumvi kwao ni mamoja. Walikuwa na tabia ya kuruka wakanata chini ya kifuniko, nje ya maji kabisa, wametulia tu. Mara ya kwanza nilipomwona mmoja hivyo nilipiga kelele nikadhani amekufa. Mtaalamu akaja, akagonga kifuniko kwa kucha, samaki akaanguka majini, chubwi! Baada ya hapo nikawa nawagonga mwenyewe na kuwatukana.

Jambo lililowachekesha wanawake wa mtaani kwetu ni jengine. Samaki hawa hawana haja ya dume. Mmoja ana vyote viwili, anajizalisha mwenyewe. Mtoto anatoka sawasawa na mama yake, na mjukuu sawasawa na bibi. Damu ni ile ile, haikuchanganyika na ya yeyote.

"Hao ndo samaki wenye akili," dada yangu alisema siku niliyomweleza. "Hakuna posa, hakuna mavyaa, hakuna wa kukuuliza mbona mchuzi chumvi imezidi. Ungezaliwa samaki wewe, ungestarehe."

Alikuwa akinichokoza kwa kuwa nilikuwa nshaachika, na kilichoniachisha ni mdomo wangu. Hilo mji mzima unalijua, wala sikatai.

Dada ndiye aliyenilea. Mama yetu alikufa nikiwa mdogo hata sura yake nasimuliwa tu, na dada, mwenyewe bado msichana, akanibeba mgongoni. Aliolewa nami nikiwa mzigo wake, akazaa binti mmoja, akafiwa na mume. Nilipoachika nikarudi kwake. Tukawa wanawake watatu katika ghorofa ya juu ya nyumba ya ukoo. Babu zetu, Waarabu, walikuwa na mashamba ya mikarafuu na watu wa kuwachumia. Sisi tulirithi mlango mzuri na ngazi zilizoliwa na mchwa.

Dada alikuwa akishona kofia, na alikuwa na sauti. Nasema sauti! Katika maulidi ya wanawake, yeye akishika kasida, hata wanaume waliopita njiani walipunguza mwendo. Mtu akifanya maulidi bila ya yeye, wageni waliulizana kulikoni, wamegombana nini.

Basi turudi kwenye samaki. Watoto wakishaanguliwa, nusu yao tuliwatia katika maji yenye dawa. Ilikuwa dawa ya unga, kali, mtaalamu aliipima mwenyewe kwa glavu mbili mbili na hakuniruhusu kuigusa. Waliogeshwa humo muda mfupi, kisha tukawatoa, tukawasuza, tukawarudisha vibakulini. Nusu nyengine hawakutiwa. Baada ya hapo ni kulisha, kubadilisha maji, na kungoja. Miezi inapita huoni kitu. Halafu asubuhi moja unamtazama samaki unaona mashavu yake hayafungi vizuri, amepanua tu, na chini ya koo pamevimba, pekundu. Ni tezi ya shingo. Na sisi watu tunayo, hapa chini ya koromeo, lakini nani anaikumbuka mpaka imletee balaa?

Mtaalamu alinieleza kwa utaratibu wake. Kila chembe ya mwili ina maagizo yake, na katika maagizo hayo mna lile linaloiambia zaliana, sasa basi, acha. Dawa ile inaharibu pahali padogo mno katika agizo hilo, na chembe haisikii tena neno la kuacha. Nikamwambia, yaani kama mfereji wa bomba uliokatika mpira wa ndani, unaufunga weye na maji yanatoka tu. Akacheka, akasema naam, ndivyo. Vipande vya uvimbe tukavitia ndani ya spiriti vikapelekwa nje, kwenye mashine za kusoma maagizo hayo. Majibu yaliporudi, kwa baadhi ya samaki pahali penyewe palionekana pameharibika. Kwa wengine hawakuona kitu, na uvimbe ni ule ule.

"Basi wale wengine wameumwa na nini?" nikamuuliza.

"Na hilo ndilo tunalolitafuta," akasema.

Wakishavimba tunawaua. Unawatia kwenye maji ya barafu, wanatulia, unawakata, unawagandisha katika nta, unawachana vipande vyembamba unavibandika kwenye kioo. Mwanzo nilikuwa siwezi kula samaki nikirudi nyumbani. Baadaye nikazoea. Mtu huzoea, na hiyo ndiyo aibu yetu.

Binti wa dada alipofika umri wa kuolewa, ilikuja posa ya maana. Kijana wa mtaa wa Amani, anafanya kazi Maskati, hana makundi, hana sigara. Dada alifurahi mpaka akawa anaimba akisugua masufuria. Lakini kwetu sisi watu hawaoani hivi hivi. Watapelelezana kwanza. Upande wa kijana utauliza kwa majirani, kwa mkunga aliyemzalisha mama, kwa jamaa wa mbali ambao nyie wenyewe mmeshawasahau. Kwao kuna wazimu? Kuna kifafa? Ukoma? Kifua? Na lile jengine ambalo halitajwi kwa jina, watu wanasema "ugonjwa ule" na kushusha sauti. Mtaa wa pili palikuwa na msichana mzuri, amesoma, kaachwa na posa mbili kwa sababu ya titi la shangazi yake. Si lake yeye, la shangazi!

Mama wa kijana alikuja mwenyewe. Mwanamke mkubwa wa mwili, mzuri wa maneno, buibui lake linanuka udi. Alikula kaimati zetu akazisifu, kisha akaanza.

"Mama yenu Mungu amrehemu, alikufa na nini?"

"Uzazi," dada akajibu.

"Na baba?"

"Utu uzima."

"Hamna pumu kwenu, wala yale mambo mengine?"

"Hamna, alhamdulillahi."

Akaridhika. Posa ikajibiwa, ikabaki kungoja kijana apate likizo ya kuja kuoa.

Sikukuu ya Idi iliyofuata, dada aliniita chumbani. "Njoo unfunge kishikizo, mkono haufiki." Alikuwa amevaa gauni jipya, kishikizo kiko nyuma ya shingo. Nilipopitisha mkono kuirudisha kola mbele, kidole changu kikakwama. Palikuwa na kitu upande wa kushoto wa koo, kigumu, sawa na kunazi bichi.

"Dada, hii nini?"

"Nini nini? Mfupa."

"Mfupa gani hauko upande wa pili? Hebu meza mate."

Akameza. Koromeo likapanda, na kile kitu kikapanda nalo. Kila siku nilikuwa nikitazama koo zilizovimba, naziandikia nambari, na leo moja iko chini ya kidole changu, ya mtu niliyebebwa mgongoni mwake.

"Yarabi," nikasema. "Tangu lini?"

"Usinitie mkosi siku ya Idi. Rovu hilo, likiwa ni rovu. Na rovu sisi halitupati, ni la watu wa bara, wa milimani. Sie tumelelewa kwa samaki wa baharini."

Hivyo ndivyo walivyoamini watu wote niliowajua, wasomi na wasiosoma. Nikamwambia, "Wale wangu wanaogelea ndani ya maji ya chumvi mchana kutwa, na wanavimba." Akanitazama kwa jicho ambalo nalijua tangu utoto, la kuninyamazisha. Sikunyamaza. Nilimsumbua mpaka Idi ilipokwisha akakubali twende hospitali, kwa sharti nisimwambie mtu, na zaidi binti asijue.

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Alimbonyeza huku na huku, akamwambia ameze, akambonyeza tena chini ya taya. "Bi mkubwa," akasema, "hii itabidi ikatwe, na kipande kitazamwe. Hapa hatuwezi, nitakupeleka Dar es Salaam. Usikae sana."

"Mbona haiumi?"

"Ndo ubaya wake," akasema daktari.

Tulirudi nyumbani. Tulipofika ngazini, kabla hata hajavua buibui, akasema, "Baada ya harusi."

"Harusi lini?"

"Kijana akipata likizo."

"Na likizo lini?"

"Mungu akijaalia."

Nikapandwa na hasira. "Dada, mficha maradhi kifo humuumbua!"

"Na mtangaza maradhi mwanawe hukaa ndani mpaka akaota mvi. Hilo mbona hulisemi?"

"Tutasema umekwenda kutembea, umekwenda kuangalia jamaa."

"Nirudi na kovu shingoni, na mama wa kijana aniulize. Nimwambie nini? Nimeparuzwa na paka?"

Nilicheka bila ya kutaka, na yeye akacheka, kisha akakaa kwenye ngazi akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi ya mumewe. "Sina cha kumwachia mtoto huyu," akasema. "Sina shamba, sina nyumba ya peke yangu. Nimwachie mume. Wakijua, hawamchukui. Watasema na yeye atakuwa nao, na wanawe watakuwa nao. Hebu nsitiri mdogo wangu, nnakuomba."

Sasa mimi nilikuwa na jibu, au nilidhani ninalo. Nikamwendea mtaalamu nikamuuliza, bila kutaja mtu, kama uvimbe wa shingo ni wa ukoo. Akafikiri, maana hakuwa mtu wa kujibu haraka. Akasema kwa binadamu mengi ya maradhi haya si ya kurithi, machache ni ya kurithi, na yeye hawezi kuapa juu ya mtu asiyemjua. Mimi nikachukua "mengi si ya kurithi," hayo mengine nikayaacha palepale mezani.

Ijumaa baada ya sala, maabara haina watu, nikamchukua dada nikampandisha. Alipita mlangoni kwa bismillahi na pua ameiziba, ile harufu ya spiriti. Nikamwonyesha rafu ya kulia, wale wasiotiwa dawa, wanaruka na kunata kwenye vifuniko vyao. Nikamwonyesha rafu ya kushoto. Palikuwa na mmoja aliyekuwa karibu kuuawa, koo limemjaa, kinywa hakifungi, anavuta maji kwa shida. Dada akainama akamtazama muda mrefu.

"Masikini," akasema.

"Sikiliza basi. Hawa wote damu moja. Bibi yao mmoja, hata baba hawana. Ingekuwa maradhi ya ukoo wangeumwa wote, wa kulia na wa kushoto. Wameumwa hawa tu, waliotiwa dawa. Kwa hivyo si damu, dada. Ni kitu kinachomwingia mtu kutoka nje, kinaharibu pahali padogo tu. Binti yako hana kosa, na wewe huna kosa."

Alinyanyuka, akajifunga vizuri mtandio wake. "Na mimi nlitiwa dawa gani?"

Nikababaika. "Sijui."

"Nani aliyentia?"

"Dada, sijui. Hakuna anayejua."

"Basi kama hujui, usinambie si la ukoo." Hakuwa na hasira, alisema taratibu tu, alivyokuwa akinifunza kuhesabu mishono. "Na hata ungejua. Watu wa Amani hawatakuja kuwauliza samaki wako."

Akauliza mnawatibu vipi wakifika hali hii. Nikamwambia hatuwatibu. Akatikisa kichwa, akashuka ngazi, na habari ya Dar es Salaam nikaiona inashuka pamoja naye.

Likizo ya kijana ikaahirishwa, mwajiri wake kamkatalia. Ikatajwa nyengine, nayo ikaangukia Ramadhani, na Ramadhani kwetu mtu haozi. Tukafunga, tukafungua, na ule uvimbe ukawa unakua. Dada akaanza kulala kwa mito miwili. Akawa anakunywa uji akisema ana kiungulia. Nilimpikia, nilimtukana, nilimbembeleza, nikamtishia kuwa nitakwenda Amani mwenyewe nikaseme. Akanambia, "Nenda. Ukirudi hutonikuta mimi dada yako." Najua alimaanisha. Sikwenda, na mpaka leo siamini kuwa ningekwenda angepona. Angeikataa hospitali kwa hasira, na binti angekosa mume juu yake.

Sauti ndiyo iliyotangulia kufa. Ilikuwa maulidi ya jirani, dada kashika kasida, na katikati ya beti sauti ikakatika, ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena. Wanawake wakamdakia wakaimaliza wao, na baada ya hapo kila mmoja akawa na dawa yake: barafu hiyo, acha maji baridi, tafuna tangawizi. Mama wa kijana alikuwapo. Kesho yake akaja na chupa ya asali, akamsihi dada apunguze kusoma maulidi. Dada alimshukuru kwa sauti ya mkwaruzo na mtandio umefika kidevuni, na joto lile la Kaskazi! Mimi nilikuwa nimekaa pembeni najiuma midomo.

Kazini nikawa sifai. Samaki wakishavimba, kisu nampa mtaalamu awakate mwenyewe. Niliogopa, nasema wazi. Nilikuwa najua njia yote itakavyokwenda, kwa sababu nimeiona kwa samaki mmoja baada ya mwengine. Hakuna hata mmoja aliyevimba akarudi kuwa mzima.

Harusi ilikuja mwishowe. Dada alishonewa gauni la kola ndefu, na juu ya kola akavaa kidani kipana cha dhahabu cha kuazima. Alipendeza. Wageni walimsifu mpaka nikamsomea kimoyomoyo asipatwe na jicho, kisha nikajicheka, jicho la nini tena hapa. Binti alipotolewa, mama ndiye anayetakiwa apige kigelegele cha kwanza. Dada alifungua kinywa kisitoke kitu. Nikapiga mimi nyuma yake, kikali, na watu wakadhani ni yeye. Alinishika mkono, akaubana mpaka ukauma.

Fungate ilipokwisha, kijana karudi Maskati na binti kahamia Amani kwa mavyaa wake, dada akasema, "Haya. Sasa nipeleke."

Tukavuka kwa boti. Daktari mkubwa wa huko alimfungua na kumfunga. Uvimbe ulikuwa umelizunguka bomba la pumzi, hakuna wa kuubandua. Wakamtoboa chini ya koo, wakamtia kibomba cha kupumulia. "Angeletwa mapema," daktari akanambia, ananilaumu mimi. Nilitaka kumjibu, njoo wewe Unguja, uje umwozeshe binti. Nikamwambia ahsante.

Tuliporudi tukasema alikwenda Dar kwa ajili ya presha. Alipokea wageni kitandani, kajifunika mpaka kidevuni, na akitaka kusema anaziba kibomba kwa kidole chini ya shuka na kunong'ona. Wageni wakaona presha imemchosha. Binti alijua siku ya kwanza, maana kwake halikufichika, alimrukia mama yake kumkumbatia akakisikia kile kibomba kinavuma. Alilia mpaka akazimia. Alipozinduka, dada alimwita karibu na kumnong'oneza, nami nikasikia: "Una mimba. Nyamaza. Wasijue mpaka umezaa, na ukishazaa usiseme."

Mama wa kijana alikuja mara nyingi. Alikaa kwenye kiti karibu na kitanda, wakazungumza habari za mtoto atakayezaliwa, atamfanana nani, yule mmoja kwa sauti nzuri na huyu kwa kunong'ona. Walipendana, hilo nililiona. Na mimi nimesimama mlangoni kama askari, nalinda shuka isiteleze.

Dada alikufa asubuhi, jua limeshatoka, kwa kukosa pumzi. Sitaeleza zaidi. Niliwahi kuona kinywa kile kisichofungika, na nilijua.

Wanaume wakaenda kuchimba kaburi, wanawake wakajaa. Mama wa kijana alifika mapema, akavua buibui, akakunja mikono ya gauni. Alikuwa mkosha maiti, wanawake wengi wa Amani wamepita mikononi mwake. "Mkwe wangu nitamkosha mwenyewe," akasema. Nani atamkatalia? Mtu hakatazwi kumkosha mkwe mwenziwe, ni haki na ni heshima. Nikasema basi mimi nitashika maji.

Tulimlaza kwenye kitanda cha kukoshea, ukumbini chini, pazia limefungwa pande zote, tukiwa wawili tu. Maji ya mkunazi kwenye ndoo, kafuri pembeni. Alianza kwa utaratibu, mkono umo chini ya shuka, anasoma kwa sauti ya chini. Alipokaribia mabega mimi nikaweka kiganja changu juu ya koo la dada, juu ya shuka, nikakikaza.

"Toa mkono, mwanangu."

"Hapa nitakosha mimi."

"Mkosha haachi pahali. Na alichokiona mkosha hakisemwi. Toa mkono."

Sikutoa. Akaushika mkono wangu, hakuuvuta, alinyanyua kidole kimoja kimoja. Shuka ikashuka. Tundu la kibomba lilikuwa limeachwa wazi, na juu yake kovu jekundu la kushonwa, na uvimbe wenyewe, umeijaza shingo yote.

Akaliweka chini tambara la kukoshea. Mimi nilikuwa nshajitayarisha. Nilijua atakachosema, mmetudanganya, mmetuingizia maradhi nyumbani, na nilikuwa na maneno yangu makali ya kumrudishia, nimeyalimbikiza muda mrefu. Alitazama mpaka nikasikia maji yanadondoka kutoka kitandani. Kisha akaufungua mtandio wake. Akafungua na kishikizo cha juu cha gauni.

Chini ya koo lake palikuwa na kovu, kutoka upande huu mpaka upande huu. La zamani, jeupe, jembamba, limeshaingia katika mikunjo ya ngozi.

"Nlikatwa kijana wangu akiwa mdogo," akasema. "Wakanambia ni saratani. Wakaitoa yote. Nnameza kidonge kila asubuhi, basi, hakijarudi kitu." Machozi yalikuwa yakimtoka na sauti haikubadilika. "Marehemu mume wangu ndiye aliyejua, na sasa wewe. Kila nlipokuja hapa, nlikuwa nkijifunga mtandio mara mbili. Nliogopa dada yako asije akaliona, akamkatalia mwanangu."

Nilitaka kumpiga. Wallahi, mbele ya maiti, nilitaka kumshika mabega nikamtikise. Alikaa kwenye kile kiti miezi na miezi! Ameleta asali! Kashika kikombe karibu na koo lile, na yeye ndiye mtu mmoja Unguja nzima ambaye angeweza kuifungua shingo yake akasema, ntazame, nenda ukakatwe, utapona.

"Kwa nini hukumwambia?" nikamuuliza. Sauti ilinitoka kubwa, wa nje lazima walisikia.

Alifunga kishikizo. Akajitanda mtandio, akauzungusha shingoni, akaukaza.

"Yeye mbona hakunambia?" akasema.

Akaniashiria nimwagie maji, nikamwagia, akaendelea kumkosha dada yangu, upande wa kulia kwanza.